Uso wa Mama Taipu

Jumatatu, 13 Januari

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, hata Mama: nataka uso wa ile sanamu uwe wangu.

Haya, nimeliandika na dari halijaanguka, basi naendelea. Baba amepewa kazi ya kutengeneza sanamu ya Mama Taipu, mpiga chapa wa ofisi ya gavana enzi za ukoloni. Kila jioni alikuwa akinakili kwa siri majina ya watu waliokamatwa siku hiyo, kisha anayabandika kwenye ukuta wa soko ili jamaa zao wajue walikopelekwa. Alifanya hivyo miaka miwili bila kushukiwa, kwa sababu hakuna aliyejisumbua kumtazama. Mji wetu mkuu una sanamu kumi na moja, nimezihesabu mwenyewe: wanaume kumi na farasi mmoja. Mama Taipu atakuwa mwanamke wa kwanza. Atasimama kwenye mzunguko mbele ya Bunge. Kitako cha zege kimeshajengwa, na kwa sasa wauza miwani wanapanga bidhaa zao juu yake.

Tatizo ni kwamba picha yake iliyobaki ni moja tu, nayo alipigwa akiwa bibi wa miaka themanini. Kamati iliyompa kazi inamtaka alivyokuwa siku zile, msichana wa miaka kumi na tisa. Kwa hiyo Baba anatafuta uso wa kuazima.

Mimi nimesoma barua zake zote, zilizokusanywa katika kitabu kilichoko maktaba. Najua alikuwa akivaa viatu vya kaka yake. Najua alikuwa na aibu hivi kwamba akisalimiwa na wakubwa alijibu akiangalia mashine. Katika barua moja ameandika: "Mimi si mtu wa kutazamwa." Niliposoma hapo nilifunga kitabu, nikazunguka rafu zote za maktaba, kisha nikarudi kukaa.

Wiki nzima nimekuwa nikisimama mbele ya kioo cha Mama kama mtu aliyeficha karatasi ndani ya blauzi.

Jumatano, 15 Januari

Baba hajasema lolote. Nimepita mbele ya mlango wa karakana mara nne. Fundi Plasta, msaidizi wake tangu sijazaliwa, ameniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumapili, 19 Januari

Amemchagua Twiga.

Twiga ni mtoto wa shangazi. Tangu mwaka jana anakaa kwetu, kwa sababu shule yetu iko hatua chache kutoka hapa, na kutoka kwao ni mabasi mawili na kuamka saa kumi alfajiri. Tunalala chumba kimoja na tunasoma darasa moja. Jina lake la utani limetokana na shingo, na yeye analifurahia. Langu ni Bi Maktaba. Sijui nani alilianzisha, ila najua nani hulitamka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Leo mchana Mama alitutuma tukamwite Baba aje kula. Tuliingia karakana pamoja, yeye mbele, mimi nyuma nikiwa na jagi la maji ya kunawa. Twiga akasimama mlangoni, mwanga ukampiga ubavuni, akasema, "Mjomba, wali unapoa."

"Uache upoe," Baba akasema. "Simama hapo hapo, mpwa wangu. Usigeuze kichwa."

"Nini, kuna mdudu?"

"Hakuna mdudu. Fundi! Njoo uone hii shingo."

Fundi Plasta akaja, akafuta mikono kwenye aproni, wakatazama wote wawili. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma ya Twiga, na jagi. Baba alipoona kichwa changu kikichungulia akasema, "Bi Maktaba, sogea kidogo, unaziba mwanga."

Hata baba yangu.

Wakati wa kula Twiga alicheka mpaka akapaliwa. "Mimi? Sanamu? Kwanza huyo mama alifanya nini hasa? Alipiga taipu tu?" Kila mtu akacheka. Nilitazama sahani yangu. Nilikuwa na majibu ya kurasa mia tatu na hakuna aliyeniuliza.

Ijumaa, 24 Januari

Nami nimepewa kazi. Ni mtu wa maji.

Udongo wa sanamu hautakiwi kukauka mpaka siku ya kuutolea kalibu ya plasta, ganda linaloshika umbo lake ili baadaye limiminiwe shaba. Kwa hiyo kila jioni unapuliziwa maji, unavishwa vitambaa vilivyoloweshwa, kisha unafunikwa nailoni na kufungwa kamba. Siku za joto na mchana pia. Sehemu ikikauka peke yake husinyaa, na jirani yake iliyo mbichi haisinyai, ndipo panapasuka. Na udongo ukishapasuka hivyo hauzibwi. Unakatwa, unaanza upya.

Baba alinieleza haya yote taratibu, akanikabidhi ufunguo na chupa ya kupulizia. Nilimjibu, "Sawa, Baba." Nilikuwa nikifikiri: yeye anatoa uso, mimi natoa maji.

Jumanne, 28 Januari

Joto. Mvua haionekani hata kwa mbali. Nimelowesha mara mbili.

Alhamisi, 30 Januari

Kila siku baada ya shule Twiga anakaa kwenye stuli ndefu saa nzima. Hawezi kutulia. Anatafuna bigijii, anamwiga mwalimu wa hesabu, anamsimulia Baba visa vya darasani ambavyo mimi pia nilikuwepo vikitokea lakini sikujua kuwa vinachekesha. Baba anacheka huku mikono yake ikiendelea kufanya kazi. Sikujua kuwa Baba hucheka kazini. Nikiwa mdogo nilikuwa nikikaa karakana naye siku nzima, yeye anachonga simba wa lango la mtu, mimi nasoma, hatusemi neno. Nilidhani hivyo ndivyo alivyopenda.

Anamtazama. Hilo ndilo linalonichoma. Anamtazama kope, pua, pembe ya mdomo, anarudi nyuma, anakunja jicho moja, anamtazama tena. Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho Baba kunitazama hivyo na nimeshindwa.

Jumatano, 5 Februari

Leo Twiga amenipa nusu ya andazi lake bila kuombwa. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa na roho mbaya.

Jumamosi, 8 Februari

Nilikwenda na Baba mjini kupima kitako. Mimi peke yangu! Nilitayarisha maneno ya kumwambia, kuhusu viatu vya kaka na ile barua. Tulipita sanamu ya Jenerali, ambayo ndege wameigeuza choo, tukapita ya Rais wa Kwanza aliyeinua mkono kama anayesimamisha teksi. Baba akanionyesha mshono kwenye bega la Jenerali ambapo shaba haikuungana vizuri, nami nikaona huu ndio wakati.

"Baba, Mama Taipu hakuwa mtu wa kucheka-cheka."

"Eh?"

"Katika barua zake. Alikuwa mkimya. Hakuna aliyemwona."

Akafikiri. "Kweli," akasema. "Basi nitamwambia Twiga asicheke."

Jumatatu, 17 Februari

Uso umekamilika. Ni Twiga mtupu. Shuleni kila mtu anajua. Wasichana wa darasa la juu wamekuja kumtazama wakati wa mapumziko, wakamzunguka. Mmoja akanigusa bega: "Samahani, tupishe kidogo."

Joto limezidi. Upepo mkavu, unaingia hata chini ya milango.

Ijumaa, 21 Februari

Baba na Fundi wameondoka asubuhi kwenda kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, mji wa pili. Watarudi Jumapili. Kamati inakuja tarehe tano Machi kuukagua udongo. Ikiukataa, kazi inapelekwa kwa mtengenezaji mwingine. Baba aliniambia haya mlangoni akiwa ameshika begi. "Asubuhi, mchana, jioni," akasema. "Upepo huu si wa mchezo."

Jioni nimelowesha gauni, mikono, mabega, shingo.

Uso sikuulowesha.

Jumamosi, 22 Februari

Wala leo.

Nataka kuandika kwamba nilisahau. Nimeanza sentensi hiyo mara mbili kwenye karatasi ya pembeni. Sikusahau. Nilisimama mbele yake na chupa mkononi, nikampulizia maji kwingine kote hadi gauni likawa linachuruzika, kisha nikamwangalia usoni kupitia kitambaa, nikafunga nailoni. Asubuhi, mchana, jioni. Mara tatu nilikuwa na nafasi ya kubadili mawazo.

Alasiri Twiga aliniomba ufunguo. Alitaka kupiga picha ya uso amtumie mama yake. Nilimpa. Aliporudi alikuwa amekunja uso.

"Hivi kile kitambaa cha usoni huwa kikavu?"

Nilinyoosha mkono, akanirudishia ufunguo.

"Umekifungua?" nikamwuliza.

"Kidogo tu. Nikapiga picha, nikarudisha."

"Basi ndiyo maana. Kinakauka ukikifungua."

Akashika mdomo. "Nimeharibu?"

"Sijui," nikasema. Nikafungua kitabu.

Jumapili, 23 Februari

Baba amerudi saa nane mchana. Hakuvua hata viatu vya safari. Tulimsikia akifungua kamba, nailoni ikachakacha. Mama akaacha kukata vitunguu.

Tulipoingia alikuwa ameshika pua ya sanamu kiganjani. Ufa ulianzia kwenye nyusi ukapita katikati ya midomo ukazunguka taya mpaka chini ya sikio. Shingo ilikuwa mbichi, inang'aa. Uso ulikuwa mweupe kama chaki.

"Nani?" Baba akauliza. Hakupaza sauti.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Lakini Twiga akawahi, akapiga magoti pale pale kwenye vumbi la plasta.

"Mjomba, ni mimi. Nilifungua jana nikapiga picha. Sikufunga vizuri. Nisamehe, Mjomba, sikujua."

Alikuwa akilia kwa kwikwi. Fundi Plasta akageuka akaangalia ukuta. Baba akaiweka ile pua mezani polepole, kama kitu kinachoweza kuumia.

"Uliingiaje?"

"Nilimwomba ufunguo," Twiga akasema, na akaninyooshea mkono bila kunitazama. Hakusema kwamba kitambaa alikikuta kikavu. Nilikuwa nimeshamfundisha nini cha kuamini.

Baba akaniangalia. "Wewe ulilowesha?"

"Nililowesha," nikasema. "Tazama gauni."

Jumatatu, 24 Februari

Shangazi amekuja kumchukua. Alisema si kwa ugomvi, ila mtoto ana haya, hawezi kuangaliana na mjomba wake. Mama alijaribu: "Wifi, udongo ni udongo, mtoto ni mtoto, mwache akae." Shangazi akasema, "Acha apumzike kwetu." Baba alikuwa karakana akikata kichwa cha sanamu kwa waya. Hakutoka.

Twiga alikunja shuka lake vizuri. Sasa chumba ni changu peke yangu. Miezi mingapi nilikuwa nikikiomba!

Jumatano, 26 Februari

Twiga alichelewa shule, jana na leo. Mabasi. Amepewa adhabu ya kufagia uwanja. Darasani wamempa jina jipya, Mpasua Sanamu. Safari hii halifurahii.

Alhamisi, 27 Februari

Baba amejaribu kuufanya uso kwa kukumbuka. Ameuvunja. Amejaribu tena, ameuvunja. Zimebaki siku sita.

Jioni nilikuwa nalowesha mabega aliposema, "Hebu kaa."

"Mimi?"

"Kuna nani mwingine? Kaa kwenye stuli. Nahitaji kichwa cha msichana, nione mifupa inavyokaa."

Nilikaa. Aliwasha taa ya pembeni, akakunja jicho moja, akanitazama.

Nilikuwa nimeota jambo hili tangu Januari. Katika ndoto nilikuwa nimetulia, nina heshima, nimenyanyua kidevu. Leo nilikuwa nikitokwa jasho mpaka nyuma ya magoti. Alipotazama macho yangu nilitazama sakafu.

"Usiangalie juu," akasema ghafla. "Baki hivyo hivyo."

Jumamosi, 1 Machi

Nimekaa kwa saa tano. Mgongo unauma. Hatusemi neno, kama zamani. Mara moja tu Baba akasema, bila kuacha kazi, "Twiga hajambo huko shuleni?"

"Hajambo."

Fundi Plasta akaguna. "Yule alikuwa akituchangamsha, bwana. Hapa sasa kama msibani."

Wanaona pengo lake! Nipo hapa, nimekaa kwenye stuli yake, ninatazamwa saa tano, na bado wanaongea habari zake. Niliona wivu ule ule, mbichi kabisa, kana kwamba sikuwa nimeshamfanyia nilichomfanyia.

Jumatatu, 3 Machi

Mawingu. Hayakushusha kitu. Nimekaa saa mbili.

Jumatano, 5 Machi

Kamati imekuja, watu watano na Katibu wao. Nilijificha nyuma ya mapipa ya udongo, lakini nilisikia kila neno. Walimzunguka mara mbili. Kisha Katibu akasema, "Huyu ndiye. Mtazameni. Huyu ni mtu mwenye siri kifuani."

Mwenzake akasema, "Ukimwona hivi unajua kabisa anaficha kitu."

"Umeipataje sura hii?" Katibu akamwuliza Baba.

"Ni mwanangu," Baba akasema. Akanivuta kutoka nyuma ya mapipa, akaniwekea mkono begani mbele ya watu wote. Wakanishika mkono mmoja mmoja. Katibu akaniambia nchi itanikumbuka.

Walipoondoka nilirudi nyuma ya mapipa.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika haya polepole, yawe kama yalivyokuwa.

Leo ilikuwa siku ya plasta. Fundi alikuwa akichanganya kwenye ndoo, mimi nikavua nailoni kwa mara ya mwisho. Baba alikuwa na furaha. Alinitazama nikikunja vile vitambaa, akasema, "Unajua, Bi Maktaba, kazi yako imekwisha leo. Nimefanya kazi na watu wengi wa maji. Wengine watu wazima. Sijapata kama wewe."

"Baba," nikasema, "uso wa kwanza sikuulowesha."

Akaendelea kutabasamu sekunde moja zaidi, maneno yalikuwa hayajamfikia.

"Siku zile mbili. Nililowesha kwingine kote. Uso niliuacha makusudi. Twiga alikuta kitambaa kimeshakauka, nikamdanganya kwamba yeye ndiye alikikausha."

Ndoo ilikuwa mikononi mwa Fundi. Aliacha kukoroga.

"Kwa nini?" Baba akauliza.

"Nilitaka uwe wangu."

Alinitazama, na safari hii hakukunja jicho lolote. Nikasubiri anipige, au anifukuze. Fundi akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, plasta inaganda."

"Shika ndoo," Baba akaniambia.

Nilishika ndoo. Walipaka plasta tangu saa tatu hadi saa nane. Walianza na uso. Nilimwona Baba akichota kwa kiganja na kuirushia usoni, akiipuliza ili iingie kwenye kila mkunjo, kwa uangalifu ule ule wa siku zote. Kazi ikaisha. Akanawa, akakaa juu ya gunia.

"Ungesema tu kwamba unataka."

"Nilikuwa nangoja unione."

"Nilikuwa nakuona." Alionekana kuchoka sana. "Uso ningeuazima kwa mtu yeyote mwenye pua. Maji ni kazi nyingine. Mtu wa maji akilala, hakuna sanamu. Nilifikiri nani nimwachie ufunguo nikalale bila wasiwasi, sikumfikiria mtu wa pili."

Akanyoosha mkono. Nilidhani anataka nimshike, nikampa wangu.

"Ufunguo," akasema.

Nikampa ufunguo.

Jumapili, 9 Machi

Nimepanda mabasi mawili hadi kwa shangazi. Twiga alikuwa barazani anapiga pasi sare. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kabla sijakaribishwa, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Shangazi alitoka jikoni katikati ya maneno, nikaanza tena tangu mwanzo.

Twiga aliweka pasi kando. Hakulia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio.

"Mimi nilipiga magoti," akasema. "Unakumbuka? Nilipiga magoti na wewe umesimama pale."

"Nakumbuka."

"Na ulikuwa unanipita kila siku nafagia uwanja."

"Ndiyo."

"Mjomba anajua?"

"Nilimwambia jana."

"Akasemaje?"

"Alisema nishike ndoo."

Kitu fulani kikapita usoni pake, karibu kicheko, lakini akakizuia.

Shangazi akasema, "Haya, mmeelewana, mpe mwenzio maji ya kunywa."

"Hatujaelewana, Mama," Twiga akasema. Akanigeukia. "Hapa barazani ni rahisi. Hapa uko na mimi na mama yangu. Mimi naitwa Mpasua Sanamu darasani, siitwi hapa. Nenda ukayaseme kule."

"Darasani?"

"Mbele ya wote."

Anajua kwamba katika miaka yote ya shule sijawahi kuinua mkono, hata pale ninapojua jibu na mwalimu analiomba. Anajua vizuri kuliko mtu yeyote. Akachukua pasi akaendelea na kola.

Jumatatu, 10 Machi

Twiga aliwahi leo. Alikaa safu yake ya pili, hakugeuka.

Kipindi cha kwanza kilikuwa historia. Mwalimu alipomaliza kuita majina niliinua mkono. Alidhani naomba kwenda chooni, akaniruhusu kwa kichwa. Nikasema, "Hapana, Mwalimu, nina jambo la kuliambia darasa." Akashangaa, akakaa.

Nilisimama. Nilisema ni mimi niliyeacha uso wa sanamu ukauke, kwa makusudi, na kwamba Twiga hakuharibu kitu, na kwamba nilimdanganya hata yeye.

"Hatusikii!" mtu mmoja akasema kutoka nyuma.

Nikatoka kwenye dawati langu, nikaenda mbele ubaoni, nikawageukia. Wote walikuwa wakinitazama. Nikasema tena, tangu mwanzo, kwa sauti kubwa.